Hati mbili za Matt King: kuifungua filamu ya The Descendants

Ukimwuliza mtu aliyeitazama The Descendants kwamba inahusu nini, atakujibu kwa mikupuo miwili. Kwanza atakwambia ni habari ya mwanasheria wa Honolulu ambaye mkewe amelala hospitalini hajitambui, naye ndiyo kwanza anagundua kwamba mke huyo alikuwa na mwanamume wa nje. Halafu, kama aliyekumbuka kitu njiani, ataongeza: "Ah, na kuna mambo ya shamba la ukoo." Mambo hayo ya shamba ndiyo yanayowatoka watu, wakadhani ni kiraka cha kujazia muda kati ya machozi na vichekesho. Sivyo. Asiyeelewa habari ya ardhi hataelewa kwa nini mwisho wa filamu uko vile ulivyo. (Mwisho huo umeelezwa humu, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwanza na aishie hapa.)

Filamu ilitoka 2011, mwongozaji Alexander Payne, George Clooney akiwa Matt King. Imetokana na riwaya ya Kaui Hart Hemmings, mwandishi wa Hawaii, iliyochapishwa 2007. Riwaya yenyewe ilikua kutoka kwenye hadithi yake fupi ya awali. Waliogeuza kitabu kuwa mswada ni Payne, Nat Faxon na Jim Rash, na kazi hiyo ikawapa Oscar ya mswada bora uliotokana na kitabu mwaka 2012. Kwa dakika 115, baba ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mzazi wa akiba anajikuta ndiye mzazi pekee: binti yake Alexandra ana miaka 17, yuko shule ya bweni na baba anamkuta huko amelewa, mdogo wake Scottie ana miaka 10 na anawatumia wenzake ujumbe wa matusi.

Ukiitazama kwa makini, kila balaa humo lina karatasi yake. Karatasi ya ardhi inaeleza lini ukoo lazima uiachie ardhi. Karatasi ya hospitali inaeleza lini familia lazima imwachie Elizabeth, mke wa Matt. Zote mbili ziliandikwa na watu ambao hawawezi tena kuulizwa, na zote zimetua mezani pa mtu mmoja ndani ya wiki moja.

Shamba la bintimfalme

Katika hadithi, ukoo wa King unamiliki ekari 25,000 katika kisiwa cha Kauai, yaani hektari 10,000 na ushei, karibu asilimia 7 ya kisiwa kizima. Ardhi ilitoka kwa bintimfalme wa nasaba ya Kamehameha, wafalme wa Hawaii, aliyeolewa na mzungu wa benki. Kiswahili kina bahati hapa, maana kina maneno ya kupangia ngazi hizo: Matt si mjukuu wala kitukuu wa bintimfalme huyo, ni kilembwe. Pamoja naye kuna msururu wa binamu, wengine wameshatapanya fungu lao la fedha za ukoo na wanasubiri mauzo kwa hamu, maana yanazungumzwa mamia ya mamilioni ya dola. Matt yeye anaishi kwa mshahara wake wa uwakili, kwa kufuata msimamo wa baba yake.

Ardhi haiko kwa majina ya binamu hao wote. Iko chini ya udhamini. Maana yake umiliki umekatwa vipande viwili: mdhamini ndiye mwenye jina kwenye hati na ndiye anayetia saini, wanufaika ndio wenye haki ya kula matunda. Matt ni mdhamini peke yake, na yeye pia ni mmoja wa wanufaika. Shikilia hilo la "peke yake", tutalirudia.

Mwanzoni kabisa anatueleza kwamba kwa sababu ya kanuni fulani ya sheria, udhamini huo utakufa baada ya miaka 7. Kanuni hiyo, ambayo tunaweza kuiita kanuni ya kupinga umilele, huwatoa jasho wanafunzi wa sheria popote sheria za Uingereza zilipofika. Mizizi yake ni kesi ya Duke of Norfolk ya mwaka 1682. Matajiri wa Uingereza walipenda kuandika wosia unaofunga mashamba kwa vizazi na vizazi: apewe mwanangu, kisha mwanawe, kisha mwana wa mwanawe, lakini asiwepo wa kuuza. Majaji wakaona hatari ya nchi nzima kupangwa na watu walioko kaburini. Wakaweka kikomo, ambacho baada ya muda kilitulia hivi: haki yoyote ya baadaye juu ya mali lazima ijulikane kwa hakika ni ya nani ndani ya uhai wa mtu aliyekuwa tayari yuko duniani siku hati ilipoanza kufanya kazi, ukiongeza miaka 21 baada ya kifo chake. Kwa nini 21? Ulikuwa umri wa utu uzima. Unaweza kumfungia mali mwanao, na mjukuu wako mpaka akomae, basi.

Sasa piga hesabu ya filamu. Imebaki miaka 7 kati ya 21, kwa hiyo 14 imeshapita. Yule mtu wa mwisho ambaye uhai wake ulitumika kama kipimo alifariki miaka 14 kabla ya hadithi, wakati Alexandra ni mtoto wa miaka 3. Hadithi inapita karibu na 2010, basi tunazungumzia 1996 hivi. Mtoto aliyezaliwa hata 1890 angekuwa na miaka 106 wakati huo. Hapo unaona kwamba hati haiwezi kuwa ya bintimfalme mwenyewe, lazima iliandikwa na kizazi cha baadaye, wana au wajukuu zake waliotaka mali isitawanyike.

Mwanasheria atanung'unika hapa, na ana haki. Kanuni hiyo kwa asili haiulizi udhamini unakufa lini, inauliza haki inathibitika kuwa ya nani na lini. Tena Hawaii ilishairekebisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuweka mbadala wa miaka 90 kwa hati mpya. Lakini waandishi wa mswada hawakubuni kitu kisichowezekana, kwa sababu Hawaii imeshuhudia jambo lenyewe. James Campbell, mzaliwa wa Derry huko Ireland, alitajirika kwa sukari, akamwoa mwanamke wa tabaka la machifu wa Hawaii, akafariki 1900. Wosia wake uliamuru mali ishikwe pamoja mpaka miaka 20 baada ya kifo cha binti yake wa mwisho. Binti huyo alifariki 1987, na udhamini ukavunjwa 2007. Kwa hiyo watazamaji wa Honolulu mwaka 2011 hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wametoka kuliona.

Na kwa nini udhamini mwingine hauvunjiki? Bernice Pauahi Bishop, kitukuu wa Kamehameha wa Kwanza, naye aliolewa na mwanabenki kutoka New York. Alipofariki 1884 aliacha ardhi yake kwa ajili ya shule za watoto wa Hawaii, na taasisi hiyo hadi leo ndiyo mmiliki binafsi mkubwa kuliko wote wa ardhi visiwani humo. Tofauti ni kwamba mali iliyowekwa kwa hisani haiguswi na kikomo hicho. Shule inaweza kudumu milele, ukoo hauwezi.

Watu wa pwani yetu wataitambua tofauti hii mara moja, maana iliwaumiza. Wakfu wa msikiti au kisima majaji wa Kiingereza waliuacha. Wakfu wa kizazi, ule unaowekewa watoto na wajukuu na kuishia kwa maskini pindi uzao ukikatika, waliutilia shaka: waliona ni umilele uliovalishwa kanzu ya sadaka. Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, ilishaamua hivyo mwaka 1894 katika rufaa iliyotoka Bengal, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaifuata njia hiyohiyo katika rufaa ya familia ya Mombasa, ingawa kwa fiqhi wakfu wa namna hiyo ni halali kabisa. Bahari ni nyingine, ila kiunzi ni kilekile anachogongana nacho Matt King.

Miaka 7 isiyolazimisha kuuza leo

Hapa ndipo watazamaji wengi hukosea. Wanafikiri sheria inamlazimisha Matt auze. Haimlazimishi. Kinachotokea siku ya mwisho ni kwamba umiliki unawashukia wanufaika wenyewe, kila mtu na fungu lake lisilo na mipaka ardhini. Kutoka hapo, mmoja tu akitaka chake, anaweza kwenda mahakamani kudai mgawanyo, na kwa ekari 25,000 zenye wenyewe wengi mgawanyo mara nyingi huishia kwenye mnada. Yeyote aliyewahi kuona kiwanja cha marehemu babu kikikaa bila kugawanywa anajua kitakachofuata. Ndiyo maana binamu wanataka kuuza mapema, kwa bei nzuri na kwa masharti wanayoyapanga wao.

Kosa la pili ni la kura. Binamu wanapiga kura, wengi wanataka ardhi iende kwa Don Holitzer, tajiri wa hapohapo Kauai, badala ya wawekezaji wa Chicago. Mtazamaji anaona kura imepita, basi imekwisha. Lakini kura ile ni heshima tu. Mdhamini wa peke yake hafungwi na idadi ya mikono. Anafungwa na wajibu wake: awe mwaminifu kwa wanufaika wote, asitumie nafasi hiyo kujinufaisha, asiwe na mgongano wa maslahi. Matt anapokataa kutia saini, binamu yake Hugh (Beau Bridges) hasemi "huna uwezo." Anamtisha kwa mahakama. Hugh anaijua sheria vizuri kuliko watazamaji wengi.

Mgongano wenyewe unaibuka kwenye baa ya Tahiti Nui pale Hanalei, baa ambayo ipo kweli. Matt amekuja Kauai na wanawe kumtafuta Brian Speer, dalali wa nyumba aliyekuwa na mkewe. Hugh, kinywaji mkononi, anataja kama jambo la kawaida kwamba Speer ni shemeji yake Holitzer. Uuzaji ukipita, dalali huyo atavuna. Tazama uso wa Clooney hapo: hasemi kitu, anageuka kidogo tu. Kuanzia sekunde hiyo hakuna uamuzi safi uliobaki. Akiuza, anamtajirisha aliyemvunjia nyumba. Akikataa, atasemwa kwamba ametumia mali ya ukoo kulipiza kisasi chake, na hilo ndilo hasa mdhamini hapaswi kufanya. Hadithi mbili zimefungwa fundo moja, na limefungwa kwa kamisheni ya dalali. Mimi sijaona mswada mwingi unaofanya hivyo kwa sentensi moja ya baa.

Siku ya saini, karatasi ziko mezani, binamu wamejaa na kaptula zao, na Matt anaweka kalamu chini. Anasema wazi kwamba ukoo wao una damu ya Hawaii lakini maisha yao ni ya kizungu, hata lugha hawaijui, na ardhi hii ndiyo kitu pekee kinachowaunganisha na waliowatangulia. Kwa wenyeji maneno hayo yana uzito kuliko yanavyosikika nje. Ardhi ya Hawaii iligeuzwa kuwa mali ya kumilikiwa na watu binafsi kwa mgawanyo mkuu wa 1848, wageni wakaruhusiwa kununua 1850, malkia akapinduliwa 1893, Marekani ikavitwaa visiwa 1898. Ukoo wa King ni matunda ya historia hiyo kwa pande zote mbili.

Lakini asiseme mtu kwamba ameiokoa ardhi. Amejipatia miaka 7 ya kutafuta namna, na pengine kesi.

Karatasi ya hospitali

Elizabeth alirushwa kutoka kwenye boti ya mashindano, akagonga kichwa. Filamu inapoanza amelala kwa siku 23. Daktari anamwita Matt na kumwambia hataamka, na kwamba karatasi aliyoandika mwenyewe akiwa mzima inataka mashine zizimwe. Watu husema "si alishakufa ubongo?" Hapana, na tofauti ni ya msingi. Aliyekufa ubongo kisheria ni maiti. Hahitaji wosia wa matibabu, daktari anaandika saa ya kifo. Aliye kwenye koma amefumba macho, haamki hata kwa maumivu, lakini shina la ubongo linaweza kuwa bado linafanya kazi. Koma yenyewe kwa kawaida haivuki wiki chache: mgonjwa anaamka, anafariki, au anaingia hali ya kufumbua macho bila utambuzi wowote. Karatasi kama ya Elizabeth inahitajika kwa watu wa kundi la katikati, walio hai kisheria na wasio na njia ya kurudi.

Wosia huo unamwondolea mume mzigo mmoja na kumtwisha mwingine. Hana haki ya kuamua, ameshaamuliwa. Alichobakiwa nacho ni kazi ya kutangaza: kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia ndugu na marafiki waje waage. Nusu ya filamu ni safari hiyo ya tanzia kabla ya msiba. Wala mashine ikiondolewa mtu hakati roho papo hapo. Mwili unaendelea kupumua kwa siku kadhaa, wauguzi wakihangaikia midomo isikauke na maumivu yatulizwe. Kamera ya Payne haikwepi: Patricia Hastie, aliyeigiza Elizabeth, analala mdomo wazi, ngozi imeparara, na tunamrudia mara kwa mara. Filamu nyingi humlaza mgonjwa kama aliyesinzia baada ya saluni. Hii imekataa.

Mahali pa kucheka

Riwaya imeandikwa kwa nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Vichekesho vyake vingi viko kichwani mwa Matt: anawaza kejeli huku usoni akiwa mtulivu. Hilo ni gumu kuhamishia kwenye picha. Payne analitatua kwa njia ambayo watunzi wengi wangeionea aibu: anaanza na sauti ya msimulizi, nyingi tu. Inatueleza kuhusu ukoo, ardhi, ajali, na kwamba watu wa Marekani bara wakidhani Hawaii ni peponi wanajidanganya. Kisha, maelezo yakishaisha, sauti inafifia na haisikiki tena. Mbinu hii huharibika mtu anapoiacha sauti iendelee hadi mwisho, kwa sababu msimulizi anaanza kutueleza huzuni ambayo mwigizaji tayari anaionyesha.

Baada ya hapo ucheshi unahamia mwilini. Alexandra anapomwambia baba kuhusu huyo mwanamume, Matt anavaa viatu visivyofaa kukimbilia na kutimua mbio kuteremka mtaani kwenda kwa marafiki wa mkewe. Nyayo zinalia pwata-pwata, mikono inapepea, kwenye kona karibu ateleze. Mtu mzima anayekimbia vibaya anachekesha. Anakokwenda hakuchekeshi. Ukipunguza viatu hivyo tukio linabaki la huzuni tupu, ukiongeza kuanguka kweli linakuwa sarakasi. Kipimo kiko katikati, na Clooney anakipata.

Kuna kanuni nyingine humo ambayo haivunjwi: filamu haituchekeshi kwa gharama ya mgonjwa. Tunawacheka wazima wanaoshindwa kuhuzunika ipasavyo. Matt anamfokea mkewe asiyesikia, kisha Alexandra anapofanya vilevile anamchapa kofi kwa utovu wa adabu. Sid, kijana rafiki wa Alexandra anayewafuata kila mahali, anamcheka bibi mwenye ugonjwa wa kusahau na anapigwa ngumi ya jicho na babu. Julie, mke wa Speer, anakuja na maua kumsamehe Elizabeth, msamaha unamgeukia mdomoni kuwa ghadhabu, mpaka Matt anamzuia. Ukisimuliwa tukio hilo hujui ulie au ucheke, na Golden Globe nayo ikaamua kuiweka filamu kwenye fungu la drama, ikashinda.

Tukio moja tu halina mzaha hata chembe. Alexandra yuko kwenye bwawa la nyumbani, maji machafu yamejaa majani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyasafisha tangu ajali. Baba anamwambia kuwa mama yake anakufa. Msichana anazama, na kilio chake tunakiona chini ya maji bila kukisikia.

Muziki nao umechaguliwa kwa makusudi. Hakuna okestra ya kukuelekeza lini ulie. Kuna magitaa ya Hawaii ya nyuzi zilizolegezwa, mtindo uliozaliwa baada ya wachunga ng'ombe wa Kimeksiko kufika na magitaa katika miaka ya 1830. Wenyeji walilegeza nyuzi mpaka gitaa likilia bila kubonyezwa linatoa sauti za kupatana, aghalabu kwa mpangilio wa D-G-D-G-B-D. Wamo mabingwa kama Gabby Pahinui na Sonny Chillingworth. Sauti hiyo ni ya barazani jioni, haina haraka, na inaporushwa juu ya picha za hospitali inawafanya watu hawa waonekane wanaishi mahali halisi badala ya kwenye kadi ya posta.

Baada ya majivu kumwagwa baharini kutoka kwenye mtumbwi, tunaletwa sebuleni. Scottie amekaa kwenye kochi, amejifunika mfarishi wa Hawaii. Ni uleule uliokuwa juu ya kitanda cha mama yake hospitalini, lakini hakuna anayeutaja. Matt anaingia na aiskrimu, anakaa, anavuta upande wake wa mfarishi. Alexandra anafuata. Kwenye televisheni kuna filamu ya pengwini wanaolea makinda kwenye barafu. Kamera haisogei, nao wanakula.